Kibwagizo Kisicho na Beti: Maana na Historia ya Neno la Kiingereza 'Cant' na Mipaka ya 'Unafiki'

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maana na historia ya neno la Kiingereza 'cant', ambalo msomaji wa Kiswahili huelekea kulifasiri kwa wepesi kuwa 'unafiki'. Kwa kufuatilia matumizi yake tangu karne ya 16 hadi karne ya 19, na kwa kulipima katika riwaya ya Charles Dickens iitwayo Bleak House, makala yanaonesha kwamba neno hilo hutaja usemi mwema unaorudiwarudiwa bila kumgharimu msemaji chochote, hata pale ambapo msemaji anauamini. Aidha, yanaonesha kuwa tuhuma hiyo imewahi kutumiwa kuwanyamazisha watetezi wa haki. Makala yanapendekeza dhana ya 'kibwagizo kisicho na beti' na kueleza faida yake katika uhakiki wa matini za sera ya lugha Afrika Mashariki.

Istilahi muhimu: unafiki, usemi, kibwagizo, uhakiki, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Katika makongamano yetu ya Kiswahili, tuhuma ya unafiki haikosi kusikika. Kiongozi anayeisifu lugha hii jukwaani, kisha akarejea ofisini kutia saini waraka wa Kiingereza, huitwa mnafiki. Msomi anayetetea Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia, ilhali wanawe wanasoma shule za mchepuo wa Kiingereza, naye huitwa mnafiki. Tuhuma hiyo ni nzito, lakini ina kasoro kubwa: haithibitiki. Unafiki ni hali ya moyo, na wahenga walikwisha kutuonya kuwa moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Mtuhumiwa akijibu kwamba anaipenda lugha hii kwa dhati, mjadala umekwisha. Tena, mara nyingi anasema kweli: anaipenda.

Basi tatizo ni nini, ikiwa msemaji anaamini anachokisema na bado hakuna kinachotendeka? Makala haya yanadai kwamba tumekuwa tukitumia neno la maradhi moja kutaja maradhi mengine. Ili kuitenga dhana tunayoihitaji, tunalichunguza neno la Kiingereza ambalo waandishi wa Uingereza walibishana juu yake kwa takribani karne tatu. Neno lenyewe ni 'cant'. Lengo si kuliazima. Lengo ni kujifunza kutokana na safari yake, kisha kuangalia Kiswahili chenyewe kina nini cha kutupa.

2.0 Kutoka kwa Ombaomba hadi Mimbarini

Chanzo cha neno hili kwa kawaida hunasibishwa na kitenzi cha Kilatini 'cantare', yaani kuimba. Katika Uingereza ya karne ya 16 liliwahusu ombaomba na wazururaji. Mtu aliyeomba sadaka barabarani alikuwa na sauti yake maalumu, ya kuvuta na kulalama, na maneno yake yalikuwa yaleyale kwa kila mpita njia. Sauti hiyo ilifananishwa na wimbo. Polepole neno likapanuka na kutaja msimbo wa siri wa wazururaji na wezi. Katika miaka ya 1560 Thomas Harman alichapisha kitabu cha kuwatahadharisha raia dhidi ya watu hao, na ndani yake akaweka orodha ya msamiati wao. Mwaka 1608 Thomas Dekker, katika Lantern and Candle-light, aliurejelea msimbo huo na kulihusisha jina lake na kitenzi hichohicho cha Kilatini.

Ikumbukwe kuwa katika hatua hii tuhuma ilitoka juu kwenda chini. Waliolitumia neno walikuwa watu wenye mali na kalamu. Waliotuhumiwa walikuwa maskini wasio na makazi. Ombaomba alishukiwa kwa sababu shida yake ilikuwa na fomula. Hakuna aliyejiuliza iwapo mwenye njaa ya kweli naye hulazimika kurudia maneno yaleyale, kwa kuwa njaa yake ni ileile.

Karne ya 17 ililipandisha neno hadi mimbarini. Katika mivutano ya kidini ya Uingereza, wapinzani wa Wapuritani waliwashutumu kwa kuwa na namna yao ya kuvuta sauti na misamiati yao ya ucha Mungu ambayo muumini aliivaa kama sare. Neno lililokuwa la ombaomba wa mkate likawa la mwombaji wa Mungu. Uhusiano huo ulikuwa na nguvu kiasi cha kuzaa hekaya ya kietimolojia: mwaka 1711 jarida la The Spectator lilitaja maelezo kwamba neno hilo lilitokana na Andrew Cant, mhubiri wa Kipresbiteri wa Uskoti. Maelezo hayo hayawezi kuwa sahihi, maana neno lilikuwa likitumika kabla mhubiri huyo hajashika mimbari. Hata hivyo, yana thamani kwa mhakiki. Yanatuonesha kwamba kufikia mwanzo wa karne ya 18, Mwingereza alipolisikia neno hili alimwona mhubiri akilini, na ombaomba alikuwa amekwisha kusahauliwa.

Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, aliziweka maana hizi pamoja: lugha ya ombaomba na wazururaji, namna ya kusema iliyo maalumu kwa kundi fulani la watu, na madai ya wema yanayotolewa kwa sauti ya kulalama na maneno ya kujitia. Tukizisoma kwa pamoja, tunaona uzi unaoziunganisha. Katika zote, usemi ni mali ya kundi kabla ya kuwa mali ya mtu. Msemaji haubuni, anaupokea ukiwa tayari, kama mtu anayejiunga na wimbo ulioanza kabla hajafika.

3.0 Kipimo cha Johnson na Mpaka wa Hazlitt

Johnson huyo huyo ndiye aliyetupa kipimo cha kwanza. James Boswell, katika wasifu wake wa Johnson uliotoka mwaka 1791, anasimulia mazungumzo ya Mei 1783. Boswell alizungumzia jinsi mambo ya siasa yanavyoweza kumsononesha mtu, na Johnson akamkatiza: huo ni usemi mtupu, kwani mambo ya siasa hayamsononeshi mtu yeyote. Alipoulizwa kama yeye mwenyewe hakusononeshwa na vurugu za Bunge, alijibu kwamba hakupoteza saa ya usingizi wala hakupunguza chakula chake kwa sababu hiyo. Ndipo alipomshauri rafikiye asafishe akili yake kutokana na usemi wa aina hiyo.

Jambo la maana ni kwamba Johnson hakukataza maneno ya adabu. Alikiri kuwa mtu anaweza kujiita mtumishi mnyenyekevu wa mwenzake ilhali si mtumishi wa mtu, au kumpa pole kwa mvua iliyomnyeshea safarini ilhali hajali kama alilowa. Hayo ni mazungumzo ya jamii na hayana madhara. Madhara huanza pale msemaji anapoanza kufikiri kwa maneno hayo. Msomaji wa Kiswahili hana shida kulielewa hili. Anayesema 'shikamoo' hashiki miguu ya mtu, na anayemkaribisha jirani chakula akiwa amebakiza tonge mbili hatuhumiwi kwa lolote. Adabu ina fomula zake, na pande zote mbili zinajua kuwa ni fomula. Kinachomkera Johnson ni fomula iliyosahau kuwa ni fomula. Kipimo chake ni cha mwili: je, huzuni unayoitangaza imekugharimu usingizi? Imekupunguzia chakula?

William Hazlitt, katika insha ya mwaka 1828, alilitenga neno hili na jirani yake wa karibu, neno la Kiingereza lililotoholewa kutoka Kigiriki ambalo ndilo hasa huafikiana na 'unafiki'. Kwa Hazlitt, mnafiki hudai hisia ambayo hakuwahi kuwa nayo wala haitaki. Mwenye 'cant', kwa upande mwingine, alikuwa na hisia ya kweli. Kosa lake ni kuirefusha na kuitia chumvi baada ya yenyewe kuisha. Mpaka huu ni wa msingi kwa hoja yetu. Mnafiki anajua kuna pengo kati ya neno na moyo wake, na kazi yake ni kulificha. Mwimbaji wa Hazlitt halioni pengo hilo, kwa sababu wimbo wenyewe umelijaza.

4.0 Bi Jellyby na Msichana wa Jikoni

Mpaka huo unaonekana wazi zaidi katika Bleak House, riwaya ya Dickens iliyotoka kwa sehemu kati ya mwaka 1852 na 1853. Bi Jellyby, mkazi wa London, ameyatoa maisha yake kwa ajili ya Borrioboola-Gha, mahali pa kubuni katika ukingo wa kushoto wa Mto Niger. Anataka kuhamishia huko familia za Waingereza zilime kahawa na kuwaelimisha wenyeji. Usiku na mchana anaamuru barua ziandikwe. Binti yake mkubwa, Caddy, amegeuzwa karani na vidole vyake vimejaa wino. Mtoto mdogo, Peepy, ananasa kichwa katika nondo za uzio na kuanguka ngazini. Mumewe anafilisika kimyakimya. Macho ya Bi Jellyby ni mazuri, anasema msimulizi, lakini yana tabia ya kutazama mbali, kana kwamba hayawezi kuona kitu kilicho karibu zaidi ya Afrika.

Je, huyu ni mnafiki? Kwa maana yoyote sahihi ya neno hilo katika Kiswahili, hapana. Hafichi chochote. Hanufaiki kwa chochote. Anaamini. Mradi wake unaposambaratika, kwa kuwa mfalme wa huko alitaka kuwauza walowezi waliosalimika ili apate pombe, hatubu wala haaibiki. Anahamia kwenye kampeni nyingine kwa ari ileile. Kilichokuwa muhimu kwake tangu mwanzo ni uandishi wa barua. Tukimwita mnafiki, tunamkosea na tunajikosesha uhakiki, kwa sababu tunaacha kuuliza swali lenye faida: ni kwa namna gani usemi mwema unaweza kuendelea miaka na miaka bila kuguswa na matokeo yake?

Katika riwaya hiyohiyo yumo Chadband, mhubiri mnene ambaye hotuba zake hazina mwisho. Anamweka Jo, mtoto wa mtaani anayefagia njia panda, mbele ya wageni na kumhubiria juu ya Ukweli hadi mtoto anasinzia. Mahubiri yakiisha, Guster, msichana wa kazi aliyelelewa kwa misaada ya maskini na mwenye maradhi ya kifafa, anampa Jo mkate na jibini vilivyokuwa chakula chake mwenyewe cha usiku, na kumgusa begani. Hapo Dickens anakutana na Johnson. Kipimo cha hisia ni chakula kilichopungua katika sahani ya mwenye kuihisi. Chadband ana maneno yote na amekula ameshiba. Guster hana maneno, na usiku huo atalala na njaa.

5.0 Silaha Yenye Makali Mawili

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kulitwaa neno hili kama zana safi ya uhakiki. Historia yake haituruhusu. Kejeli juu ya Bi Jellyby ilikuwa na shabaha halisi: safari ya Niger ya mwaka 1841, iliyochochewa na Thomas Fowell Buxton na wapinzani wenzake wa utumwa, ambapo Waingereza wengi walikufa kwa homa. Dickens aliiandikia tahakiki kali mwaka 1848. Lakini Lord Denman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Uingereza, alimshutumu Dickens hadharani mwaka 1852 kwa kuona kwamba kejeli hiyo inadhoofisha mapambano dhidi ya utumwa wakati mamilioni bado walikuwa minyororoni.

Mfano mkali zaidi ni wa Thomas Carlyle. Hakuna mwandishi wa karne ya 19 aliyelilaani neno hili kwa ghadhabu kumzidi. Hata hivyo, mwaka 1849 alichapisha makala iliyowabeza wafadhili wa London na usemi wao wa huruma, na chini ya bendera hiyo ya kuchukia maneno matupu akadai kwamba watu weusi waliokombolewa katika visiwa vya Karibiani walazimishwe kufanya kazi. John Stuart Mill alimjibu mwaka 1850. Mill hakupoteza muda kuthibitisha kuwa wafadhili wana mioyo safi. Alijibu dai lenyewe, kwamba haki ya mtu haitokani na rangi yake wala na matakwa ya anayeihitaji kazi yake.

Funzo ni zito. Usemi wa haki unaweza kuwa umechakaa midomoni mwa wanaousema, na bado haki yenyewe ikawa haki. Anayeuvunja usemi huo anaweza kuwa anasafisha lugha, au anaweza kuwa anaondoa kizuizi cha mwisho kilichombakia mnyonge. Kinyume chake pia ni kweli. Mwaka 1885, katika Hati Kuu ya Mkutano wa Berlin, mataifa ya Ulaya yalijifunga kulinda wenyeji na kuboresha hali yao ya kimaadili na kimaisha, na Kongo ikapata kuonja tafsiri ya maneno hayo katika uvunaji wa mpira. Mhakiki anahitaji kipimo kitakachomwezesha kuitofautisha Hati ya Berlin na wimbo mchovu wa wapinzani wa utumwa. Dhana ya 'unafiki' haimpi kipimo hicho.

6.0 Shimo, Jukwaa na Wimbo

Kwa nini haimpi? Jibu limo katika picha iliyofichwa ndani ya neno. 'Unafiki' limetoka katika mzizi wa Kiarabu ambao wanaleksikografia wa lugha hiyo waliuhusisha na shimo la panya wa jangwani, lenye tundu la kuingilia na jingine la siri la kutorokea. Neno la Kigiriki lililozaa lile la Kiingereza lilimtaja mwigizaji wa jukwaani. Kiswahili kimeongeza picha yake, 'ndumilakuwili', nyoka anayesadikiwa kuuma kwa pande zote mbili. Picha hizi zote zina pande mbili: ndani na nje, uso na barakoa. Uhakiki unaozitegemea utakuwa daima uhakiki wa kufichua.

Picha ya 'cant' ni wimbo, na wimbo hauna upande wa nyuma. Hakuna cha kufichua. Lugha yetu inalijua hili: jambo linaporudiwa hadi kupoteza uzito, tunasema limekuwa wimbo. Ushairi wetu wa arudhi, nao, unatupa istilahi iliyo sahihi zaidi. Katika shairi, mstari unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti ni kibwagizo, ambacho wengine hukiita kiitikio au mkarara. Hakuna anayemlaumu mshairi kwa kukirudia. Kibwagizo kizuri huwa na maana mpya kila kinaporejea, kwa kuwa ubeti uliotangulia umekilipia. Mishororo ya juu imeleta hoja, mfano au kisa, kibwagizo kinafunga. Sasa tuchukue shairi, tufute beti zote, tubakize vibwagizo vikifuatana. Maneno ni yaleyale, wala hakuna hata moja lililo la uongo. Lakini shairi halipo tena.

Kwa hiyo, makala haya yanapendekeza kuwa dhana ya 'cant' ielezwe kwa Kiswahili kuwa kibwagizo kisicho na beti. Pendekezo hili linahamisha uhakiki kutoka moyoni mwa msemaji hadi kwenye matini. Hatuulizi tena kama anaamini. Tunauliza: ubeti uko wapi?

7.0 Faida kwa Uhakiki wa Sera ya Lugha

Tuangalie matini zinazotuhusu. Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999, katika Ibara ya 137, uliifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na kusema kwamba Kiswahili kitaendelezwa kuwa lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itumike katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Mwaka 2022, miaka 17 baadaye, Baraza la Mawaziri la Uganda lilikuwa bado likipitisha uamuzi wa kukifanya Kiswahili somo la lazima katika shule za msingi na sekondari.

Kuwaita waandishi wa ibara hizo wanafiki hakusaidii na huenda ni kuwasingizia. Zisomwe kama beti. 'Kitaendelezwa' na nani, kwa fedha ipi, kufikia lini? 'Mazingira yatakayoainishwa' ni ubeti ulioachwa wazi kwa makusudi, ukisubiri mtungaji mwingine. Uamuzi wa mwaka 2022 ni mshororo mmoja wa ubeti huo. Mishororo inayosalia ni walimu, vitabu, vipindi katika ratiba na fungu katika bajeti. Mshauri wa sera anaweza kuhesabu vitu hivi. Hawezi kuhesabu unyofu wa mawaziri.

Kipimo hiki hakiwahurumii wataalamu wa lugha pia. Maazimio ya makongamano yetu hurudia kuwa Kiswahili ni lugha ya umoja, tunu ya Afrika na chombo cha ukombozi. Ninayaamini maneno hayo, nami nimewahi kuyaandika. Bi Jellyby naye aliamini. Kila azimio tunalolipitisha bila kutaja nani atalitekeleza na ni kipi tulicho tayari kukipunguza katika sahani zetu, iwe ni saa, posho au heshima ya kuchapisha kwa Kiingereza, ni barua nyingine ya kwenda Borrioboola-Gha.

8.0 Hitimisho

Historia ya 'cant' inatufunza mambo matatu. Kwanza, usemi mtupu hauhitaji mwongo. Waaminifu huutunga vizuri zaidi. Pili, tuhuma ya usemi mtupu huweza kugeuzwa rungu la kupigia haki yenyewe, kama ilivyokuwa kwa Carlyle. Tatu, kipimo cha usemi ni gharama yake, kuanzia usingizi wa Johnson hadi mkate wa Guster. Mhakiki anayekuta kibwagizo kisicho na beti asikifute, kwani huenda ni cha kweli. Kazi yake ni kuonesha nafasi iliyo wazi juu yake, na kumtaja aliyepaswa kuijaza.